Mlango wa Mama Kahambu na Pembe za Mwana-Kondoo

Ukiacha lami ukaingia mtaa wa Mapendo, ukapita pale wanapouza makaa, utakuta ubao mrefu umelala juu ya mawe mawili ya volkano. Watu wameuita Baraza la Usalama, kwa sababu wanaokaa pale huzungumza kutwa nzima na vita haisimami. Mwenye ubao ni Mama Kahambu, mjane aliyetoka upande wa Butembo zamani, anayepika kahawa yenye tangawizi na asiyemwogopa mtu isipokuwa Mungu, tena hata na Mungu wakati mwingine hubishana. Nyuma ya ubao iko nyumba yake ya mbao, na mbele ya nyumba uko mlango. Huo mlango ulitengenezwa kwa makopo kumi na mawili ya mafuta ya kupikia ya msaada wa Amerika, yale ya mwaka wa 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoijaza Goma mpaka mtu akakosa pa kuweka mguu. Makopo yalipasuliwa, yakanyooshwa kwa nyundo, yakapigiliwa misumari, na kila kopo limebaki na picha yake: mikono miwili inashikana, na chini yake maneno ya Kiingereza ambayo hakuna mtu wa pale ubaoni amewahi kuyasoma akayamaliza.

Alhamisi moja, mwezi wa kumi ukiisha, mwaka wa 2008, mizinga ililia upande wa Kibumba tangu asubuhi. Ubaoni kila mtu alijifanya hasikii. Walikuwa na jambo kubwa kuliko vita. Walikuwa na mlango.

Jambo lenyewe ni hili. Familia kumi na tano za jirani, Wakatoliki wote, zina shirika lao, na kila Alhamisi shirika husali nyumbani kwa mmoja wao. Sala inazunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Zamu ya Mama Kahambu, ya kwanza tangu apokewe katika shirika, ilikuwa leo, saa tisa. Lakini Jumapili Papa Henri, katekista mstaafu, alisimama mbele ya watu akasema yeye hatapita chini ya makopo yale, alama ya mnyama wa Ufunuo. Mama Micheline, mkubwa wa shirika, akatuma neno: mlango ung'olewe kabla ya saa tisa, ama nyumba irukwe. Na nyumba iliyorukwa na shirika, Mapendo inajua maana yake. Hata muuza mkaa huanza kuizunguka kwa mbali.

Mama Kahambu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisugua sakafu yake mara mbili, akaazima viti vinne, akawasha moto wa kahawa kama siku zote.

Papa Henri alifika kwanza. Watu wa ubaoni wanamwita Apokalipsi. Alikuja na Biblia kwapani na mtaimbo mkononi.

— Mama Kahambu, nipe kahawa, kisha tuanze kazi.

— Kahawa utapata. Kazi sijakupa.

— Si mimi ninaomba. Ni Ufunuo, sura ya kumi na tatu.

— Basi Ufunuo aje mwenyewe na mtaimbo wake.

Yuma alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Yuma ni shofere wa lori, Muislamu, baba zake walitoka Maniema. Jina lake la ubaoni ni Kilometa, kwa sababu hawezi kusimulia kitu bila kukwambia ni mbali kiasi gani. Kando yake alikuwa Guylain, fundi wa simu, anayeitwa Rezo, yaani mtandao: yeye peke yake mtaani ndiye anajua mahali pa kusimama ili simu ishike.

— Lakini Papa Henri, Guylain akauliza, huyo mnyama anasemwa namna gani hasa?

Hilo ndilo swali ambalo mtu mwenye kazi zake asingeuliza. Papa Henri alilaza mtaimbo juu ya magoti, akapangusa mdomo.

— Sikiliza. Kuna wanyama wawili. Wa kwanza anatoka baharini, huyo tumuache. Wa pili anatoka katika nchi kavu. Iko na pembe mbili kama za mwana-kondoo, lakini akifungua mudomo, anasema kama joka. Sasa niambieni, ni nani alitokea nchi kavu kule mbali, mudogo, mupole, hana hata mufalme? Ni Amerika! Wazungu wengine wote walikuwa na wafalme na makoloni. Yeye alikuwa kondoo. Kisha wale wengine wakapigana vita ya kwanza, wakapigana ya pili, wakachoka, wakakaa chini. Wakiinua macho, kondoo amesimama peke yake, amenona. Leo akikohoa, bei ya sukari inapanda soko la Birere.

— Hiyo ni kweli, Yuma akasema. Mazutu ya lori pia.

— Na mwaka wa tisini na ine alikuja hapa na sura gani? Ya kondoo! Mafuta, unga, maji ya kunywa. Lakini ndege zake mulizisikia? Ndege ile kubwa ikishuka, sahani zinatembea mezani. Hilo ni joka linasema.

— Mi nilikunywa yale maji, Mama Kahambu akasema. Sikuota mukia.

— Cheka tu. Tazama mulango wako. Mikono miwili ndiyo pembe mbili. Kila kopo pembe mbili!

— Makopo kumi na mbili, Guylain akahesabu kwa kidole. Pembe makumi mbili na ine.

— Makumi mbili na ine! Yuma akapiga paja. Papa Henri, si wewe ulitwambia hapa hapa kwamba kule mbinguni kuna wazee makumi mbili na ine wamezunguka kiti cha enzi? Kumbe ni wao hao! Wazee wamepanga mulango wa mama!

— Wazee wale wanavaa taji, wewe Muislamu, usiniharibie.

— Labda walizivua juu ya kusalimiana.

Papa Henri alikunywa kahawa kwa hasira, ikamuunguza. Mama Kahambu hakucheka. Alikuwa anatazama ule msumari wa tatu, wa upande wa kushoto, uliopinda. Marehemu Kambere, mume wake, aliupinda siku ya tisa ya kazi, jioni, akataka kuung'oa, na mkewe akamwambia auache, usiku unaingia na watu wanaiba. Makopo yenye mafuta waliyachukua watu wa mikono mirefu. Kambere alipata matupu. Akapanga matupu yake kama mtu anayepanga vitabu.

Na mwaka wa 2002, volkano iliposhuka Murara, alikokaa wakati ule, kila mtu alikimbia na alichokiona cha maana: redio, godoro, mbuzi. Mama Kahambu aliacha kitanda, akang'oa mlango pamoja na fremu yake, akauweka kichwani, akatembea nao mpaka ng'ambo ya Keshero. Watu walimcheka njia nzima. Mama, unabeba mlango, nyumba iko wapi? Aliwajibu: nyumba nitaijenga, mlango ninao. Nyumba ya Murara iko chini ya mawe mpaka leo. Wale waliocheka, wengi waliishi miezi sita nyuma ya shuka.

— Tena, Papa Henri alianza upya, imeandikwa kwamba hakuna mutu atauza wala kununua bila alama yake. Sasa wewe Rezo, kodisha nyumba hapa Goma bila dola, nione.

— Aka! Haiwezekani.

— Dola yenyewe ikipasuka kona kidogo, kuna mutu anaipokea?

— Hata kwenye harusi hawapokei.

— Munaona! Alama inatakiwa iwe nzima!

Hiyo ilikuwa inafanana na ukweli. Mzinga mmoja ulilia karibu zaidi. Yuma akaongeza sauti, kama mtu anayeongeza redio.

— Papa Henri, kuna moto ndani ya hiyo sura?

— Uko. Mnyama anashusha moto toka mbinguni, mbele ya macho ya watu.

— Ngoja basi. Kutoka hapa mpaka Shinkolobwe, kule Katanga, ni kilometa zaidi ya elfu moja, na njia mbovu. Babu yangu alichimba pale wakati wa Wabelgiji. Bomu kubwa la Wamerika, lile lililomaliza vita ya pili, jiwe lake lilitoka pale. Kwa mikono ya babu yangu! Sasa huo moto ulishuka toka juu, sawa. Lakini kabla ya kushuka ulipanda kutoka wapi?

— Kwetu, Guylain akasema polepole.

— Kwetu! Yuma akasimama. Moto wa mbinguni wa Mwamerika ni muchanga wa Kongo!

— Na mi niseme, Guylain naye akasimama. Papa Henri, si mnyama anatengeneza sanamu, kisha anaipa pumzi, sanamu inasema?

— Imeandikwa.

— Hii hapa! Akainua simu. Ni sanamu, na inasema. Nimefungua elfu ya hizi. Ndani yake kuna madini ya Masisi, yanachimbwa na watoto wa wajomba zangu. Bila Masisi, sanamu ni bubu. Hata kule mwezini walipoenda, munafikiri chuma cha roketi kilivumilia moto namna gani? Ni kobalti ya Kolwezi! Ile nyayo ya mwezini, nusu yake ni ya Mukongomani!

— Kisigino! Yuma akasema. Kisigino ni chetu!

— Na mnyama alitoka katika nchi, Papa Henri akasema, na macho yake yalianza kung'aa bila ruhusa. Haikuandikwa nchi gani.

— Nchi gani ingine iko na vitu ndani yake? Guylain akauliza.

— Eh! Basi ni...

— Ni hii hii! Yuma akapaza sauti. Tumemuzaa sisi!

Ungewaona. Wanaume watatu wenye suruali zilizoshonwa magotini, vita inakohoa nyuma ya mlima, na wamesimama juu ya kokoto za Mapendo wamefura kama wenye dunia. Hata Papa Henri alikuwa amenyoosha mgongo. Mkono mmoja kwenye kopo ni wa Amerika, walikubaliana, na wa pili ni wetu, ndio uliomshika asianguke. Mama Kahambu aliwaacha wamalize. Kisha akamimina kahawa, akauliza bila kuinua kichwa.

— Papa Henri. Yesu alisema yeye ni mulango. Si kweli?

— Kweli kabisa. Yohane, sura ya kumi.

— Alikuwa wa mbao ao wa bati?

— Mama! Ule ni mufano.

— Na mwana-kondoo?

— Mufano.

— Alikuwa na sufu?

— Nimesema ni mufano.

— Joka?

— Mufano pia.

— Na hizi pembe mbili za sura ya kumi na tatu?

Papa Henri aliona shimo, lakini mguu ulikuwa umeshatangulia.

— Mufano... lakini wenye maana.

— Sawa. Mulango ni mufano, kondoo ni mufano, joka ni mufano, pembe ni mufano. Makopo yangu peke yake ndiyo ya kweli. Kitabu kizima Mungu anazungumza kwa mufano, akifika Mapendo, kwa Kahambu, anaanza kuzungumza kwa bati.

Yuma alifunika uso kwa kofia. Guylain akajifanya anatafuta rezo. Lakini Papa Henri alikuwa ameshasema mbele ya watu siku ya Jumapili, na mwanamume aliyesema mbele ya watu ni mgumu kuliko msumari. Aliinua mtaimbo wake.

— Neno nilikwisha kutoa. Shirika linakuja. Ukitaka wasiiruke nyumba yako, niache nifanye kazi.

Na kweli, walikuwa wanakuja. Mama Micheline mbele na rozari yake, wanawake wanane nyuma, vitambaa vya Jumapili vichwani. Walisimama hatua kumi kutoka ubaoni, wakangoja, kama watu wanaongoja maiti itolewe.

Mama Kahambu aliwatazama. Alikuwa amesali katika nyumba zao zote. Alijua yupi analala na njaa na yupi ana mfuko wa maharage chini ya kitanda. Wiki kumi na nne alikaa kwenye viti vyao akiingoja siku ambayo wao wangekaa kwenye vyake. Mlango au zamu. Aliweka kikombe chini.

— Jaribu basi, akasema. Kambere aliupigilia siku tisa. Nione wewe utaung'oa kwa saa ngapi.

Papa Henri akaingiza ncha ya mtaimbo chini ya bawaba ya juu. Akasukuma. Mlango ulilia, haukutoka. Akatema mate mikononi, akasukuma tena.

Wakati huo ndipo njia ya makaa ilipojaa watu. Walikuwa wanashuka kutoka barabara kubwa, wengine na masufuria, wengine na mikono mitupu, wote bila kelele, na hiyo ndiyo mbaya. Mwanamke mmoja mrefu alijitenga nao akasimama mbele ya ubao: godoro kichwani, mtoto mgongoni, mwingine ameshika sketi. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa vumbi mpaka magotini.

— Mama, nisaidieni maji ya mutoto.

Mama Kahambu alimpa. Mtoto alikunywa, na mwanamke akamngoja amalize kabla ya kunywa mwenyewe.

— Unatoka wapi, dada?

— Kalengera. Siku tatu. Naitwa Dancille. Jeshi linakimbia pia, mama. Tuko nao pamoja barabarani. Wale masoda wamekwisha kuanza kuingia kwa watu, nyumba kwa nyumba. Wanavunja, wanabeba.

Kisha akainua macho akamwona Papa Henri, jasho likimtoka, mtaimbo umekwama kwenye bawaba. Alimtazama yeye, akautazama mlango, akawatazama wanawake wa shirika na vitambaa vyao safi. Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mgeni anavyouliza desturi ya mahali.

— Papa, juu ya nini munang'oa mulango leo?

Papa Henri alimtazama Mama Micheline. Mama Micheline aliitazama rozari. Yuma, mwenye kilometa zote zile, alihesabu kokoto za miguuni pake. Guylain aliinua simu, akaishusha. Sura ya kumi na tatu ilikuwepo pale, kwapani mwa Papa Henri, na moto wa Shinkolobwe, na kisigino cha mwezini.

Risasi moja ililia upande wa makaa. Kisha mbili. Sahani ya Mama Kahambu ilianguka, haikupasuka.

— Ingieni, akasema.

Waliingia. Micheline wa kwanza, chini ya pembe ishirini na nne, hakuzihesabu. Wanawake wanane, Guylain, Yuma na birika la kahawa, Dancille na watoto wake na godoro lake. Papa Henri alichomoa mtaimbo, akabaki nje, kama mtu anayefikiri.

— Papa Henri, unaingia ao unangoja tarumbeta?

Akaingia.

— Inama, Mama Kahambu akamwambia. Usigonge pembe.

Alifunga. Komeo lilikuwa dogo, la kuzuia mbuzi. Kambere alikuwa ameweka vishikio viwili vya chuma ndani ya fremu, vya kulaza gogo, lakini gogo liliungua Murara, na tangu siku ile havikupata kazi. Mama Kahambu alivitazama. Papa Henri pia alivitazama. Hakuna aliyemwambia. Aliinua mtaimbo wake, akaulaza juu ya vishikio, ukaenea sawasawa, kama ulipimwa.

— Huo ndio mutaimbo, Yuma akanong'ona.

— Nyamaza, Kilometa, Papa Henri akasema.

Miguu mizito ilipita nje. Ikarudi. Mtu akapiga mlango kwa kitu cha chuma, makopo kumi na mawili yakanguruma kama ngoma ya misa ya Pasaka. Mtoto wa Dancille akajificha ndani ya sketi. Mtu akapiga tena, na bega safari hii. Bawaba ya juu, ile iliyochezewa, ikalia. Yuma akaweka bega lake upande wa ndani, Papa Henri akaweka la kwake kando ya Yuma, katekista na Muislamu, mashavu yote mawili yamelala nyuma ya mikono ya Amerika. Msumari wa tatu uliopinda haukutikisika.

Sauti nje ikatukana. Kisha ikasema maneno mengine, ikaenda. Wakasikia mlango wa jirani, wa mbao laini, ukivunjika kwa pigo moja. Yule jirani alikuwa amekimbia tangu asubuhi, na hakuacha kitu isipokuwa kalenda.

Jua lilikuwa bado liko juu, likiingia kupitia tundu za misumari, vidoti vidoti sakafuni, kwenye ile sakafu iliyosuguliwa mara mbili. Mama Micheline alitazama viti vinne vya kuazima vilivyopangwa, na kitambaa cheupe juu ya meza, na msalaba katikati.

— Saa tisa imefika, akasema kwa sauti ndogo. Tuko hapa wote. Tungeweza kusali.

Papa Henri alifungua Biblia, na vidole vikaenda vyenyewe kule mwisho wa kitabu, vilikozoea.

— Si huko, Mama Kahambu akasema.

Papa Henri akarudisha kurasa nyuma, nyingi. Akakohoa.

— Mama Kahambu. Kahawa imebaki?

— Imekwisha. Lakini nyumba ni yangu, zamu ni yangu, na sala itaanza nikisema mimi.

Akamwambia Dancille akae kwenye kiti cha kwanza, kile alichomwekea Micheline. Kisha akaenda akasimama mlangoni, akaegemeza mgongo wake kwenye mlango wa Kambere, ile mikono yote ishirini na minne nyuma yake, akainua mkono wake mwenyewe mpaka kwenye paji la uso.

— Sasa, akasema. Kwa jina la Baba.